Walimpima Amekaa

Siku hizi mtu akianguka shambani watu wanauliza kwanza, "Alikuwa amekula?" Sisi tulikuwa tunauliza, "Nani anamtaka?" Mimi nimezeeka nikiyasikia maswali yote mawili, na kama unataka kujua, hakuna hata moja lililowahi kunisaidia.

Niliolewa Samuye nikitokea upande wa Kagongwa, vita vya Wazungu vimeshakwisha na baadhi ya wanaume bado wanalima wamevaa makoti ya jeshi. Mume wangu hakwenda vitani, umri ulikuwa haujamfika. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, maneno machache, na jembe mkononi mwake lilikuwa jepesi kama mwiko. Kijijini kwao kulikuwa na kundi la bugobogobo, vijana wanaolima kwa ngoma, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, na mwenye shamba anawachinjia mbuzi. Wanajipanga mstari, mpiga ngoma anakuwa nyuma yao, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ngoma ikichapuka na wao wanachapuka. Anayeachwa na mstari anachekwa mpaka mavuno.

Mume wangu alikuwa hachekwi. Yeye alishika pembeni ya mstari, mahali pa mlimaji mkali, na jembe alikuwa analirusha juu linazunguka hewani analidaka bila kuliangalia. Nilimwona hivyo mara ya kwanza nilipokwenda kumsalimu shangazi yangu aliyeolewa huko. Nilitumwa nipeleke maji shambani. Nilichelewa sana kurudi, shangazi akanisema, nami sikumsikia hata neno moja. Basi ndiyo nikaolewa.

Mara ya kwanza alianguka mtoto wetu akiwa bado wa kubebwa. Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha, kundi likaalikwa shamba la jirani, na kwenye mstari kulikuwa na kijana mgeni aliyesema hajaona wa kumshinda huku. Mpiga ngoma akasikia. Mpiga ngoma naye ni mtu, anapenda kuona watu wakitoana jasho, akaanza kuwachapusha. Wengine wakabaki nyuma mmoja mmoja, wakabaki hao wawili na majembe yao. Nilikuwa nimesimama na kibuyu cha maji kichwani na moyo wangu umejaa majivuno, sifichi. Mume wangu akarusha jembe juu. Jembe likashuka peke yake. Yeye alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya tuta.

Watu wakacheka, maana walidhani anamdhihaki yule mgeni. Halafu kicheko kikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma, ngoma ikanyamaza. Nilitupa kibuyu nikakimbia. Nilimgeuza, uso wake ulikuwa na udongo na macho yake yameangalia juu bila kuona kitu. Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa hauna mwendo mmoja. Ulikimbia, ukanyamaza, ukapiga mara mbili kwa nguvu, ukanyamaza tena. Nikaondoa mkono kwa woga. Kisha akavuta pumzi, akapepesa macho, akauliza kwa nini ngoma imesimama.

Wenzake walimtania wiki nzima. "Nguvu zote unamwachia mke wako, shambani unatuletea mabaki!" Na mimi wakanitania, wakasema huyu mwanamke wa Kagongwa mla watu. Nilicheka nao. Usiku nikawa naweka mkono kifuani mwake akiwa amelala, na moyo ulikuwa unakwenda vizuri, taratibu, hauna neno.

Mama mkwe wangu ndiye hakucheka. Jioni ile alimkalisha mwanawe uani akamfungua mdomo, akautazama ulimi kama ameung'ata, akamwuliza kama amejikojolea. Hakuwa ameng'ata wala kujikojolea, na hakuna aliyeona povu. Akasema si kifafa. Tulishukuru, maana kifafa kingetutenga na watu wote, hata bakuli lake lingewekwa peke yake. Lakini mama mkwe hakushukuru. Alikaa anamtazama mwanawe, akasema polepole, "Baba yako mdogo naye alikuwa hatoi povu."

Ndipo nikasikia habari ya baba mdogo, mdogo wake baba mkwe wangu. Alikuwa naye mlimaji na mchezaji wa kusifiwa, hakuwa ameoa. Siku moja ng'ombe walitimka wakavuka mto, akawakimbiza. Walimkuta amelala kwenye maji yasiyofika magotini. Kijana mwenye nguvu, anayejua kuogelea, amekufa kwenye maji ya kuogea kuku. Hakuacha mtoto wala jina, na mtu wa namna hiyo, wazee walisema, hatulii huko aliko.

Mara ya pili haikuwa jembe. Ng'ombe walikuwa wanarudi zizini jioni, mtoto wetu ameshajua kutambaa, akajipeleka mpaka mlangoni mwa zizi bila mtu kumwona. Mume wangu alikuwa amekaa anachonga mpini. Alipoinua macho akamwona mtoto mbele ya kwato. Aliruka, akapiga hatua chache tu, akaanguka hapohapo kama mtu aliyekatwa miguu. Mtoto aliokolewa na bibi yake. Baba alirudiwa na fahamu tukiwa bado tunampepea, kitu cha kwanza alichouliza ni mtoto, na tulipomwonyesha alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Tangu siku ile watu wakaacha utani. Utani ukiisha, jua kuna jambo. Kundi lilipokwenda kulima, waliokuwa wakigombea kukaa karibu naye pembeni mwa mstari wakawa wanamwachia nafasi kubwa, kana kwamba ni heshima. Wanawake walinisalimu vizuri kupita kiasi. "Mwangaluka, mayu, baba watoto ameamkaje?" Mimi sipendi kuulizwa hali ya mtu na macho yaliyokwisha kulia. Niliwajibu ameamka salama, na wewe wa kwako ameamkaje, mbona juzi nilimsikia anakohoa?

Mume wangu akachoka kuangaliwa. Akasema anakwenda Geita, mgodini, kwenye dhahabu, huko hakuna anayemjua. Nilikataa. Tuligombana siku nzima, mpaka mama mkwe akatuambia tunawachosha kuku. Mwisho alinishinda kwa neno moja. Alisema, "Mgodini hawamchukui mtu mpaka daktari ampime. Kama nina ugonjwa watanirudisha. Kama sina, na wewe utalala." Nikaona ana haki. Nikamfungia unga na nyama iliyokaushwa, akaondoka na wenzake.

Alipimwa. Alinieleza mwenyewe baadaye. Walipanga foleni wamevua mashati. Akakalishwa kwenye benchi, daktari akaweka vipira masikioni, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia avute pumzi, akamgonga mgongoni. Msaidizi wake, dresa, akamtafsiria: moyo wako mzima kabisa, moyo wa ng'ombe dume, nenda kachukue kofia ya mgodini. Aliniletea salamu kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani: mwambie mke wangu nimepimwa, sina kitu. Nilipozipata salamu zile nilipika ugali nikaula wote. Usiku nililala kweli, usingizi wa kwanza baada ya miezi.

Daktari hakumdanganya. Hilo nimelijua nikiwa bibi mwenye mvi, mjukuu wangu, mtoto wa yule mtoto wetu, alipoanguka kwenye mbio za shule na mimi nikampeleka mjini mwenyewe, wala sikumwachia mama yake. Pale daktari kijana alimlaza, akampima, akasema hana shida. Nilimwambia daktari, "Kijana wangu, huyo umempima amelala. Mkimbize." Akacheka, akasema ndivyo wanavyofanya, Bibi, tulia. Wakampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, wakambandika nyaya kifuani, na mstari wa moyo wake kwenye kioo, uliokuwa unapanda na kushuka sawasawa kama matuta ya mkulima hodari, ukaanza kuvurugika. Walisimamisha mashine upesi sana. Daktari akanieleza kwamba ipo mioyo ambayo mtu akikaa haina kasoro hata moja, ila ukiikimbiza, au ukiishtua kwa hofu au hasira, inapoteza mwendo wake, na damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Mara nyingi moyo unajirudi wenyewe. Siku nyingine haujirudi. Na unarithiwa. Kumbe ndiyo hivyo tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikawa nawalaani wote, hata waliokwisha kufa, hata mume wangu.

Lakini wakati ule nani angejua? Pale Geita alikaa kitambo, mpaka siku moja chini kwenye shimo baruti ikalipuka kabla ya wakati, mbali na walipokuwa, haikumuumiza mtu. Wengine waliruka wakaanza kukimbilia ngazi. Yeye alipanda ngazi kidogo akaachia mikono. Aliangukia watu waliokuwa chini yake, ndiyo pona yake. Mnyapara akasema mgodi haumtaki mtu anayekufa kwa kusikia mlio tu. Akarudishwa na lori la pamba, na mguu umetenguka, na lile tabasamu lake halikurudi naye.

Hapo baba mkwe akasema basi, tumechelewa mno. Akachukua kuku wa kupigia ramli, akampa mwanawe amtemee mate mdomoni, wakaenda naye kwa mganga, mimi nikifuata nyuma na mtoto. Kuku akapasuliwa. Mganga aliinama juu ya yale matumbo muda mrefu, anasogeza kwa kidole. Hakuwa tapeli. Ningependa awe tapeli, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alikuwa mzee mpole, alimwuliza mume wangu kama mguu unamuuma, akamwekea kigoda. Kisha akamwambia baba mkwe, "Ni mdogo wako. Huyu anapocheza yeye anakuja. Huyu anapokimbia yeye anakuja. Anampanda mnamwamsha, anampanda mnammwagia maji, mnamfukuza mgeni mlangoni kila mara. Mchezesheni ngoma yake, mmwache akae, aseme anachotaka. Akisema ataondoka."

Na ilikaa sawa! Hicho ndicho kinachonichoma. Kila kitu kilipangika vizuri: ngoma, mbio, mto, povu lisilokuwepo. Hata mimi nilipokuwa natembea kurudi nyumbani niliona akili imefunguka. Ila usoni mwa mume wangu niliona kitu kingine. Alikuwa anaogopa ngoma, yeye ambaye ngoma ilikuwa maisha yake.

Mguu ukapona, siku ikapangwa. Nilimfuata mama mkwe jikoni. Nikamwambia, "Mama, kila alipoanguka moyo wake ulikuwa unakimbizwa. Na ngoma itaukimbiza. Kwa nini tusimwache apumzike kwanza, hata msimu mmoja?"

Hakunikasirikia. Aliendelea kupepeta mtama. "Ng'wana wane," akaniita mwanangu kwa Kisukuma, "yule wa mtoni tulimwachia apumzike. Mganga alisema achezewe ngoma, tukasema tungoje mavuno. Mavuno yalimkuta kaburini. Unataka nifanye kosa hilo kwa wa kwangu wa kuzaa?"

Nikamgeukia mume wangu mwenyewe. Alikuwa anapaka mafuta ngozi ya ngoma, ngoma ya marehemu baba mdogo, imeshushwa darini. Nikamwambia, twende kwetu Kagongwa, tuondoke asubuhi, tutalima polepole, hatutacheza kitu. Alipangusa mikono. Akasema, "Nikikimbia ataniangusha njiani, na wewe utakuwa peke yako na mtoto. Hapa nikianguka watu wote wapo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama wa mtoto, mimi nimechoka kusubiri nitaanguka lini. Heri nicheze iishe." Nilimtukana. Nilimwita mjinga, mbishi, mtoto wa mama yake. Alinicheka kidogo, akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta. Nilimpenda mtu yule, nampenda mpaka leo, na nimeolewa tena na nikazaa wengine.

Siku ya ngoma jua lilikuwa kali, uani pamefagiliwa, pombe ya mtama imejaa vibuyuni. Walimvika kaniki nyeusi na shanga nyeupe za marehemu. Kabla ya kuanza, mganga alitueleza sote, kwa upole wake uleule. Akianguka, msiogope, ndiyo mgeni amefika. Asiguswe. Asimwagiwe maji. Asiitwe, maana ukimwita mtu mwenyewe, mgeni anaondoka kwa hasira na kuondoka naye. Na ngoma isisimame mpaka mgeni aseme.

Baba mkwe akamwaga unga chini, akamwambia mdogo wake aliyekufa, "Ulikuwa unamwita, leo tumemleta."

Alianza polepole. Mguu uliotenguka ulikuwa bado mzito, akautafutia mahali. Halafu ngoma ikachapuka, na mwili wake ukakumbuka. Sijui niseme nini juu ya jinsi alivyocheza. Watu waliokuwa wanamwepuka miezi yote ile walisogea mbele. Alikuwa anacheka! Jasho linamtiririka, shanga zinaruka kifuani, akapita mbele yangu akamshika mtoto mguu mgongoni mwangu, akazunguka, na mpiga ngoma akaongeza tena. Nikaona mdomo wake umegeuka rangi. Nikaona amenitazama, lakini si kama mtu anayemwona mtu.

Akaanguka.

Vigelegele vilipasua ua. Wanawake walikumbatiana, mama mkwe akapiga magoti mbali kidogo naye, machozi yanamtoka kwa furaha, akapiga makofi ya kukaribisha. "Karibu, shemeji. Karibu nyumbani. Tumekuwekea pombe, tumekuwekea unga. Sema unachotaka." Ngoma ilipigwa. Vidole vya mume wangu vikatikisika juu ya udongo, na watu wakashangilia tena, wakasema anakaa, anakaa sasa. Kisha vidole vikatulia.

Mimi nilikuwa natazama kifua tu. Shanga zilikuwa zimelala juu yake na hakuna iliyokuwa inainuka. Nikajiambia mara zote alirudi, atarudi, subiri kidogo. Nikasubiri. Mpiga ngoma mmoja akachoka, mwingine akachukua vijiti bila kuruka pigo. Kivuli cha ghala la mtama kilikuwa miguuni pake alipoanguka. Sasa kilikuwa kimefika kiunoni. Nikapiga hatua mbele. Wanawake wawili wakanishika mikono, mmoja wao shangazi yangu. "Tulia," akaninong'oneza, "ukimgusa utamuua." Nikasema hapumui. Akasema mgeni hapumui kama sisi.

Baba mkwe alisogea akachuchumaa kichwani pake. Alimwuliza tena, kwa adabu, kama mtu anavyomwuliza mdogo wake aliyekaa safarini miaka mingi, kama ana kiu. Akainua kibuyu, akamwekea mdomoni. Pombe ikaingia kidogo, ikatoka pembeni ya mdomo, ikateremka shavuni mpaka sikioni. Akaifuta kwa kiganja chake, taratibu, akamtazama. Kisha akageuka akawaambia wapigaji waongeze mwendo.